Pini ya Ishirini

Jumamosi, 12 Julai
Cherehani imetiwa mafuta, inaimba kama zamani. Leo kaptura tatu na gauni moja. Fundi mwingine hapa Masoko angetaka wiki nzima. Mimi kule Mtama niliwahi kushona kanzu kumi na saba kwa siku, mashine ikafuka moshi, jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Mashahidi wapo, ila wengi wameshafariki.

Zuhura kanipigia toka Kinjumbi. Mwanawe anatimiza arobaini, akika Ijumaa. Kikanzu nishone mimi, mjomba wake. Nani mwingine?

Jumatatu, 14 Julai
Nimekata kitambaa cheupe. Nikatoa kimto cha pini cha marehemu dada Somoe, mama yake Zuhura. Pini ishirini, vichwa vyekundu. Bado kinanukia udi, au ni mimi nataka kinukie.

Tulijifunzia cherehani moja, kwa zamu. Somoe alipachika pini zikingame na mshono, vichwa nje, na kila moja aliichomoa kabla mguu wa cherehani haujaifikia. Nguo ikiisha anahesabu kwa sauti. Zikitimia ishirini anasema, "Haya, nguo itoke." Nikimwita Bi Hesabu. "Cheka tu, kaka," ananijibu. "Ipo siku utamvisha mtu msumari."

Nimemkumbuka mno leo. Sikula mchana.

Jumanne, 15 Julai
Kikanzu kimekwisha kabla ya adhuhuri. Pini sikuchomoa, nimepita juu yake. Mkono wangu unajua. Kwenye upindo, ka! Sindano imekatika, kipande kimepita kando ya jicho. Mtu wa kawaida angekuwa chongo saa hizi. Nimebadili sindano, nikamalizia.

Sikuhesabu.

Jumatano, 16 Julai
Kikanzu nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Jioni Zuhura kapiga. "Mjomba, mikono yako ibarikiwe!" Nikamwambia imeshabarikiwa kitambo.

Alhamisi, 17 Julai
Nimehesabu pini. Uvivu tu, wateja hakuna. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

Nikapitisha sumaku ya spika ya redio chini ya cherehani. Imeokota kichwa chekundu chenye kijinusu cha pini. Nusu yenye ncha haipo. Kumbe juzi sindano iligonga pini, zikakatika zote mbili. Ncha imo kwenye upindo. Haina kichwa, nani ataiona? Na kesho anavalishwa mtoto wa siku arobaini.

Nimeshika simu mara tatu, nikaiweka. Mara ya nne nikapiga. Nikauliza mtoto hajambo. Hajambo. Nikauliza mvua. Hakuna mvua. Nikakata.

Mwoga mimi. Majivuno yote yale, na neno moja limenishinda.

Ijumaa, 18 Julai
Alfajiri basi, kisha bodaboda. Nimefika wanaume wako msikitini. Zuhura kampakata mtoto, na mtoto kavaa kikanzu. Sikusalimia mtu. Nimedaka upindo, nikaanza kuupapasa.

"He! Mzee huyu kapandwa na nini?" mama mmoja akauliza.

Nikasema mbele ya wote. Imo pini. Nimeiacha mimi, kwa kiburi.

Zuhura akafungua fundo la kanga. Ncha ile. Kiganjani mwake pana kidonda kidogo. "Marehemu mama aliniusia," akasema. "Nguo ya Mjomba, pitisha kiganja kwanza ndipo umvishe mtu."

"Sasa si ungeniambia jana?"

"Na wewe si ungeniambia jana, Mjomba?"

Wamecheka mpaka pilau ikashika ukoko. Hapo sijatia chumvi. Mimi nimelia, nikasingizia moshi.

Jumapili, 20 Julai
Foronya mbili, asubuhi nzima. Nashona, nasimama, nachomoa. Nashona tena. Cherehani haikuimba, imetembea tu. Hakuna mteja aliyeniona, alhamdulillahi.

Nimehesabu kwa sauti. Kumi na tisa. Ile ncha, Zuhura kanirudishia, nimeichomeka kimtoni, mahali pa ya ishirini.

Haya, Somoe. Nguo itoke.