Mbuzi wa Viatu Vitatu

Mwaka umetimia, wifi yangu, tangu ulipofumba macho, na mpaka leo nikisikia gurudumu likilia, moyo unanipasuka.

Wengine wanakukumbuka kwa sare za shule ulizoshona, pindo pana ili mtoto akue nazo, na kwa pini ulizobana mdomoni huku unaongea, sisi roho juu. Mimi nakukumbuka tangu hujaolewa na kaka yangu. Tulikuwa na miaka minane, vitanda vyetu vimepakana katika wodi ya watoto wenye surua.

Mtoto wa kitanda cha ukutani alichukuliwa asubuhi kwa kile kigari chenye gurudumu linalolia. Hakurudi. Nikajifunika shuka gubigubi, nalia. Ukanivuta kidole.

"We, usilie. Kigari hakimchukui mtu aliye katikati ya hadithi. Kina adabu zake."

"Nani kakwambia?"

"Muuguzi."

Uongo mtupu! Hapo hapo ukamtunga mbuzi mwenye viatu vitatu, anatafuta cha nne. Kila gurudumu lilipolia, mbuzi aligonga mlango mwingine. Hadithi hukuimaliza. Tukatoka wodini wazima, tumeshikana mikono.

Nilipojifungua kwa shida, ulisimama nje ya dirisha ukipaza sauti mbuzi kafika wapi. Kaka alipopasuliwa tumbo, mbuzi alitafuta kiatu kutwa nzima, sisi wawili kwenye benchi. Miaka sitini na miwili, wifi, na kiatu hakijaonekana.

Siku ile ya mwaka jana nilikaa kwenye stuli kando ya kitanda chako tangu asubuhi. Pumzi ilikuwa inakutesa. Gurudumu likalia koridoni.

"Wifi, nimalizie?" ukaniuliza.

Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Malizia, wifi, upumzike."

Ukaninong'oneza kiatu kilikuwa wapi. Tukacheka. Hapa siandiki, watoto wanasoma. Chai yangu ilikuwa haijapoa ulipoondoka.

Mwaka mzima nimeogopa kwamba mimi ndiye niliyekifungulia kigari mlango. Hata kitambaa ninachofuma nimekiacha uzi unaning'inia, naogopa kufunga fundo la mwisho. Wiki hii nikamweleza kaka. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Dada, mke wangu alikuwa amemchoka yule mbuzi. Hata mimi nilimchoka."

Nikacheka, nikalia. Hofu ikapungua. Haikwisha.

Maana mjukuu wako wa mwisho anapasuliwa mguu Jumatatu. Jana nilikuwa naye wodini, kigari kikapita. Akanishika kidole, mkono wake baridi kama wako siku ile ya mwaka jana.

"Bibi, yule mbuzi alikipata kiatu?"

Mwisho ninao mimi peke yangu sasa.

"Bado," nikamwambia. "Leo kagonga kwa daktari."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema ngoja nivae miwani."

Akacheka kidogo. Kigari kikapita.

Wanaokukumbuka ni mumeo, wanao watatu na wakwe zako, wajukuu sita, mabinti uliowafundisha cherehani, na mimi wifi yako, mwoga wako wa tangu wodini. Moyoni mwetu hutoki, na kiatu hakionekani mpaka mtoto huyu atoke wodini.