Saini ya Ijumaa

Ijumaa, 7 Agosti
Taru. Jua kali tangu asubuhi. Nyundo begani, bendera mbili kwapani. Kugonga kabari zinazobana reli, kusikiliza, kusonga mbele. Kabari iliyokaza hulia vizuri. Iliyolegea hulia kama sufuria iliyopasuka.

Saa tano nilifika kalvatini, pale mfereji unapopita chini ya reli, nikageuka, kama kila Ijumaa. Nikienda hadi mwisho wa kipande changu sirudi stesheni kabla ya saa tisa, na swala ya Ijumaa haimngoji mtu. Mutua, mnyapara wetu, anajua. Ni Mkamba, Mkristo, lakini mambo ya dini ya watu hayaingilii. Daftari liko mezani pake. Nimetia saini: maili nne, njia salama. Leo nimeona maili mbili na kitu. Zilizobaki niliziona jana, na jana zilikuwa salama.

Jumamosi, 8 Agosti
Treni ya haraka imeanguka. Jana jioni, huko bara, mbali na sisi. Ndiyo ile mpya tuliyoletewa baada ya uhuru, isiyosimama stesheni ndogo. Hapa hupita saa nane mchana na kutuachia vumbi. Mabehewa ya daraja la tatu yamelala ubavu. Watu wamekufa. Wangapi, kila mtu ana hesabu yake.

Si kipande changu. Nimejiambia hivyo kutwa nzima. Aibu ni hii: wa kwanza kuwafikiria hawakuwa waliokufa. Nilifikiria daftari.

Jumatano, 12 Agosti
Treni imeanza tena. Imepita na madirisha matupu. Waduruma waliokuwa wakileta mbuzi karibu ili waitazame, sasa wanasimama mbali. Mzee mmoja aliniuliza kama yaweza kuruka njia ikafika bomani kwake. Nilimwambia haiwezi. Akaenda zake, kisha nikamwona anahamisha mbuzi.

Ijumaa, 14 Agosti
Nilikusudia kumaliza leo. Nilipita kalvati hatua kama hamsini. Jua, kiu, na adhana iliyokuwa inakaribia. Nimegeuka. Nimetia saini. Mutua hakuinua macho.

Jumatatu, 17 Agosti
Likizo ya wiki moja. Feri ya Likoni, basi, Msambweni. Nyumbani wamenipokea kwa wali wa nazi na maswali.

Mdogo wangu Mwanakombo amepata nafasi chuo cha wauguzi, Nairobi. Wa kwanza katika mtaa wetu. Lazima aripoti Jumatatu tarehe 31. Asipofika nafasi anapewa mwingine. Chuo kimemletea waranti ya treni, hati ya kusafiri bila nauli. Kwenda kwa basi hatuna uwezo. Mama ameificha waranti chini ya godoro, naye asema haijafika. Mwanakombo anajua ilipo. Mama anajua kwamba Mwanakombo anajua. Wanapika pamoja, wanaongea habari za kuku.

Jumatano, 19 Agosti
Bwana mmoja wa reli amekuja sokoni na gari la kipaza sauti. Suti nyeusi, katika joto hili. Alisema njia yote imekaguliwa, na kwamba kila maili ina mtu aliyeikagua na kutia saini yake. Watu walimpigia makofi kwa adabu. Hakuna aliyeuliza nauli. Alipoondoka wote walinigeukia mimi.

Nilinunua ndizi nisizozihitaji nikaondoka.

Alhamisi, 20 Agosti
Mjomba Bakari alikuja. Kwetu Wadigo neno la mwisho juu ya mtoto ni la ndugu ya mamake, na tangu baba afariki hata la kwanza ni lake. Ni fundi cherehani. Hukupima kwa macho kabla hajashika futi. Mimi alinipima leo, nikaona.

Alisema yule wa suti hamjui, wala hajui jamaa zake. "Lakini wewe Hamadi nakujua. Kesho baada ya swala utashika msahafu mbele ya watu, useme njia yako waitembea yote, kila siku ya kazi. Ukiapa, mtoto ataenda. Usipoapa, haendi."

Mama alishusha pumzi. Alidhani basi, jambo limekwisha. Mwanakombo alianza kukunja nguo zake hapo hapo. Mimi nikasema inshallah. Neno zuri. Nimejificha nyuma yake mara nyingi.

Ijumaa, 21 Agosti
Sikuapa.

Msahafu uliletwa umefunikwa kitambaa cha kijani. Watu walibaki wengi kuliko wanavyobaki kwa dua. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Nikasema kila Ijumaa nageukia kalvatini ili niwahi swala, kisha natia saini kwamba nimefika mwisho. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo Ijumaa treni inapita kwa dua zetu?" Wakacheka, si kwa furaha.

Imamu hakucheka. Alisema mwenye kulinda roho za watu ana udhuru, aswali adhuhuri hukohuko njiani. "Hukumuuliza mtu?"

Sikuuliza. Kule Taru nina mahali pangu safu ya mbele, na napenda kuonekana pale. Hilo msikitini sikulisema. Naliandika hapa.

Jumamosi, 22 Agosti
Mwanakombo hanisemeshi. Chai aliniwekea kama anayewawekea kuku maji. Nguo zimerudi kabatini. Mama ananionea huruma, na huruma yake inaudhi kuliko hasira. Sasa anayo sababu ya kumzuia, na aliyempa ni mimi.

Asubuhi niliichukia kazi yangu. Kisha nikaona nasema uongo tena. Kazi haina kosa.

Alasiri mjomba alikuja akadai waranti. Mama aliitoa chini ya godoro mbele yetu sote, wala hakuna aliyeshangaa. Mjomba akaisoma mbele na nyuma.

"Atasafiri Ijumaa," akasema.

"Kaka! Katika siku zote, Ijumaa?"

"Siku nyingine sina wasiwasi nazo. Hiyo moja ndiyo yenye tundu." Akanigeukia. "Mtu aliyeukataa uongo na msahafu uko mbele yake, huyo namwamini. Utaitembea?"

Nikasema ndiyo. Sikusema inshallah. Nikamkumbusha kwamba kipande changu ni maili nne tu, na hadi Nairobi ni zaidi ya mia tatu.

"Hizo nyingine zina wenyewe," akasema, "nao wana wajomba wao."

Jumanne, 25 Agosti
Taru. Wakati wa kuagana Mwanakombo alisema neno moja tu, tena swali: treni hupita saa ngapi kwangu. Nilimwambia saa nane.

Nimemwarifu Mutua kwamba Ijumaa naenda mpaka mwisho. "Hiyo ni sawa. Lakini usiniambie zile Ijumaa ingine ilikuwa namna gani. Mimi sitaki kujua." Anajua. Mkono wake pia uko kwenye daftari, chini ya wangu.

Alhamisi, 27 Agosti
Nimemaliza kipande chote. Kila kabari imekaza. Kesho hakutakuwa na cha kukuta. Naandika hivi ili nitulie. Sijatulia.

Ijumaa, 28 Agosti
Nilitoka saa moja. Kalvatini saa tano kasoro. Niliketi kwenye ukingo nikanywa maji. Miguu ilitaka kugeuka yenyewe, imezoea. Nikainuka nikaendelea.

Baada ya kalvati, penye kona, kabari mbili zimelegea, zafuatana. Nilizigonga mpaka zikakaza. Si jambo kubwa. Hizi huonekana kila wiki, na treni hupita. Lakini jana zilikuwa zimekaza. Jana nilizigonga mwenyewe.

Nilisimama pale muda.

Mwisho wa kipande saa saba na nusu. Niliswali adhuhuri kando ya reli, peke yangu, hakuna safu. Kisha nikasimama na bendera ya kijani.

Ilipita kwa wakati wake. Madirisha machache yalikuwa na watu. Nilijaribu kumtafuta, lakini inakwenda kasi mno. Sikumwona. Sijui kama aliniona. Nilibaki nimeinua bendera hata vumbi likatua.

Nilirudi stesheni saa tisa zimepita. Msikiti umefungwa, viatu vya watu havipo. Mutua aliuliza, kana kwamba sikumwarifu, kwa nini nimechelewa hivi. Nilimwambia njia ni ndefu.

Nikatia saini.