Maji ya Chumvi kwa Pua ya Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia tena hapa Masasi, lakini mkono wangu umekataa kuandika neno lolote kabla ya kukuamkia. Msimu wa kupuliza mikorosho umeanza. Juzi nilikuwa kwa mama huko Mnyambe, Newala, na tangu asubuhi mashine zilikuwa zikinguruma shamba hadi shamba, unga wa salfa umetanda juu ya miti. Nikapiga chafya tano mfululizo. Mama akanitazama, akasema, "Hiyo chafya ni ya baba yako." Tangu hapo nimekuwa nikiongea nawe kichwani, nikaona bora niandike.

Ulipuliza salfa miaka yote niliyokufahamu. Usipopuliza, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, unakausha maua na korosho huzioni. Ulijifunga mdomo kwa kipande cha kanga ya mama, ila pua uliiacha wazi, ukidai ukiifunika hupumui. Ukirudi nyumbani macho mekundu, paji la uso linakugonga, pua imeziba huku na huku. Watu wakasema Baba Zuhura ana mafua ya kuzaliwa, nawe ukacheka nao. "Vumbi tu hili," ulisema. Kidogo kidogo, bila kumwambia mtu, ukaacha kusikia harufu.

Mimi sikulijua hilo siku wakwe zangu walipokuja kwa posa. Mama na shangazi walitoka kuwapokea wageni, wakakuomba uangalie sufuria ya wali kwa muda mfupi. Ulikaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka jikoni, umetulia, na wali ukaungua nyuma ya mgongo wako mpaka moshi ukafika barazani. Nilikuja mbio. Nikasema, tena wageni wanasikia, "Baba, hiyo pua Mungu alikupa ya nini?"

Ulitabasamu. Ukasema, "Nisameheni, nilipitiwa." Baadaye mama aliniambia ulikwenda kukaa mikoroshoni mpaka wageni walipoondoka. Mjomba ndiye aliyeijibu posa badala yako. Niliolewa, nikahamia Masasi, na neno hilo nikalibeba kama jiwe ndani ya kiatu. Kila nikija kukusalimia nilikusudia kuomba radhi, nikaishia kukuuliza habari za shamba.

Miaka miwili baadaye maumivu ya uso yalikuzidi, mama akakuleta kwangu, tukaenda zahanati. Tabibu, mama mmoja mpole, alikuchunguza, akasema una mzio, na kwamba salfa na vumbi vinauchokoza, ndiyo maana vijitundu vya ndani ya uso vinavimba na kujaa. Alikuandikia dawa, akakutaka ufunike pua na mdomo kila ukipuliza. Kisha akatufundisha kusafisha pua: glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi nusu kijiko cha chai, na bomba safi la plastiki lisilo na sindano. "Maji ya tangi au ya kisima yasiingie puani kabla hayajachemka," alirudia mara tatu.

Nje ya zahanati ukagoma. "Maji ya Newala niyamwage puani? Watu wanateremka bondeni kutafuta ndoo moja, mimi nioshee kamasi?"

Mama alisimama katikati ya njia. "Baba Zuhura, maji ya nyumba hii nimeyabeba kichwani tangu nilipokuja bibi harusi. Glasi moja ya pua yako haitanivunja shingo."

Ukatangulia njia ya kwangu.

Jioni ile nilikuchanganyia mwenyewe, uani kwangu. Uliinama juu ya beseni, kichwa upande, mdomo wazi kama tulivyofundishwa. Nikasukuma bomba taratibu. Machozi yakakutiririka, masikio yakawa mekundu, lakini uliendelea kuinama. Nikakuuliza, "Vipi, baba?" Ukasema, "Vizuri." Ndipo nilipochovya kidole nikaonja. Sikuwa nimetia nusu kijiko cha chai. Nilikuwa nimejaza kijiko cha chakula, maji makali hayasemeki.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani dawa lazima iume."

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. "Nisamehe, baba."

"Kwa chumvi?"

"Kwa wali."

Ulijifuta uso na kanga, polepole, upande mmoja kisha wa pili. Kisha ukasema, "Wali wenyewe ulikuwa haujakolea chumvi. Naona leo umefidia."

Tulicheka mpaka mama akatoka ndani kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Hukupona kwa siku moja. Kila msimu wa salfa pua ilirudi kukusumbua, nawe ulirudi kwenye glasi yako asubuhi na jioni, na barakoa ukaikubali. Ila maumivu ya uso yalipungua. Mama alisimulia kwamba mchana mmoja ulilala barazani bila kukoroma hata kidogo, akakutikisa akidhani umekufa. Na siku moja ulinipigia simu, sauti yako ni safi, ukasema, "Zuhura, mikorosho imetoa maua. Harufu yake imenikuta njiani kabla sijaufikia mti wa kwanza." Nilikuwa sokoni. Niliomba mtu anishikie kapu.

Shinikizo la damu lilipokuchukua, nilidhani habari ya chumvi imeishia kwetu watatu. Siku ya arobaini yako, baada ya dua, alikuja mwanamke mmoja kutoka Mkunya, simjui, amemshika mkono mwanawe. Akaniuliza kama mimi ndiye Zuhura. Nilipoitikia, alisema ulimkuta kwenye mnada wa korosho akihangaika na kichwa, ukamwelekeza kwanza aende kwa tabibu, kisha ukamweleza habari ya chumvi, maji ya kuchemsha na bomba. Nyuma yake wakasogea wengine wawili, nao walikuwa wamepita mikononi mwako.

"Sote alitusimulia," mwanamke yule akasema. "Alisema pua yake ilikufa, na binti yake ndiye aliyeifufua."

Nilimtazama usoni, nikisubiri sehemu iliyobaki. Haikuwepo. Wote watatu niliwauliza, na hakuna aliyewahi kusikia kutoka kwako habari ya siku ya posa yangu na neno nililokutamkia.

Pumzika, baba. Mungu akupe wasaa huko uliko.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Zuhura