Jiko la Mama Limenguruma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kuilaani, na kwamba Baba ameacha kujifanya hasikii anapoitwa kuosha vyombo. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usianze kuhangaika: ni furaha iliyonila, si njaa.

Mama, jiko lako limewaka!

Ndilo lile la kambi, la mafuta ya taa, lenye pampu ubavuni na miguu ya kukunja, ulilozunguka nalo maporini miaka yote ya kupima ardhi. Uliponikabidhi uliniambia nilifanye pambo, kwa kuwa kiwanda kiliacha kuyatengeneza kabla sijaanza shule na vipuri vyake havipatikani tena. Sikuweza. Sijui kupenda kitu kwa kukitazama tu.

Hapa kwenye karakana yetu ya vyombo vya vipimo walinicheka. Mkuu wangu alisema ninunue la gesi kama binadamu wengine, hili langu linadai mazishi ya heshima. Wakanibandika jina la Mama Moshi, maana kila nilipolijaribu lilitoa ulimi wa manjano na masizi yaliyotufukuza sote nje. Baada ya kazi nilikuwa nabaki kwenye mashine, nikikereza upya kile kichwa kidogo cha shaba chenye tundu la kurushia mafuta. Cha kwanza kilipasuka. Kilichofuata kilikuwa na tundu la kupitisha nyuki. Niliharibu vingi mpaka kimoja kikakubali.

Sikuliwasha karakanani. Nililipeleka milimani, kambini kwa Shangazi na wanafunzi wake wa jiografia. Najua, Mama. Tangu alipoliazima akalirudisha likitoa moshi, nawe ukamwambia ameliua, mnasalimiana kupitia sisi watoto kama nchi mbili zenye mabalozi. Alipoliona alirudi nyuma. Alisema yeye na hilo walishaachana. Likipata mafua leo, wewe wifi yake utasema ni yeye aliyeliambukiza. Upepo ulikuwa unazima viberiti. Nikakipasha kichwa moto kwa spiriti, nikangoja kama ulivyonifundisha, nikapiga pampu. Likanguruma! Moto wa buluu, mfupi, mkali, usioyumba. Wanafunzi walishangilia kama timu yao imefunga bao. Chai ilichemka wakiwa bado wanagombania vikombe.

Niligeuka nimwone Shangazi akicheka, nikamkuta analia. Aliniambia kwamba miaka yote hii amekubishia kwa mdomo tu. Safari ile alipoliazima aliwaachia wanafunzi jiko akaenda kulala, na hajawahi kuwa na hakika kwamba hawakuliharibu. Aibu hiyo ndiyo iliyomzuia kuja kukuona hata ulipolazwa.

Sasa nivumilie, Mama. Kile kichwa cha zamani nilikitazama kwa hadubini. Tundu lilikuwa limepanuka, limejaa mikwaruzo. Nikachukua sindano yako ya kushonea, ile uliyonipa pamoja na jiko, uliyokuwa ukilizibulia kila unapotaka kuliwasha. Ikaingia na kukaa sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake. Nikaijaribu kwenye kichwa kipya, ambacho nilikitoboa kwa kipimo cha kiwanda kilichogongwa kitakoni mwa jiko. Ikaingia ncha peke yake. Si Shangazi, wala si wanafunzi wake. Ulilipenda mno, Mama, ukalisafisha mpaka ukalipanua koo, na siku lilipozidiwa lilikuwa mikononi mwa mwenzio.

Shangazi sijamwambia. Ulimi uliniwasha, nikauzuia, kwa sababu naona neno hili ni lako. Ningeweza kulinyamazia pia, tukafurahia moto wetu yakaisha. Lakini sikukereza shaba majuma yote hayo ili wewe upate chai tu. Jumamosi tunakuja naye, tumelibeba jiko. Yeye anadhani anakuja kukuomba msamaha, na njia nzima atakuwa akiyapanga maneno yake. Mwahi, Mama. Mwahi mlangoni, kabla hajafungua mdomo.

Msalimie sana Baba, na majirani wote wanaoniulizia. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi,
Kitindamimba wako