Bando Lililoliwa na Mashine ya Karanga

Nkuhungu, Dodoma
Ijumaa jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Zainabu unayemsomea, mdogo wangu, bibi harusi wetu, nakusalimu. Soma polepole, na usiruke mahali ninapojisema vibaya.

Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unaitumia, au umeshawagawia majirani tena? Uwele je, umepona na ndege? Mimi mwili ni mzima. Mabega yanauma, lakini mbeba magunia asiyeumwa mabega watu watasema hana kazi. Wiki hii nilikuwa na hofu, hata simu zako sikupokea. Unisamehe. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Unajua kazi yangu ni kule Ihumwa, kwenye ghala la karanga. Namwaga magunia kwenye mashine. Karanga zinapita chini ya kamera, kompyuta inaziangalia, na yenye ukungu inapulizwa pembeni kwa upepo, watu wasije wakala sumukuvu. Ni kazi ile ile uliyokuwa ukiifanya kwa ungo, huku sisi tukikuibia zilizo nzima. Aliyeiandikia kompyuta hayo maagizo ni dada mmoja anaitwa Rehema. Ni mdogo kwangu, lakini wote tunamwita fundi.

Sasa tuje kwenye harusi. Zainabu, uliponiambia video iko mtandaoni, kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka, nusu nzima ya juu nyeusi. Nikawa naona miguu tu. Nimenyimwa ruhusa ya kuja, halafu harusi ya mdogo wangu niione miguu? Jumamosi mchana wenzangu walipokwenda kula, nikaunganisha intaneti ya simu yangu na ile kompyuta ya mashine, nikaitazama kwenye kioo kikubwa. Nililia, sikufichi. Mama ukatokea umeshika kipaza sauti, ukasema, "Salimu, mwanangu, huko uliko..." Picha ikaganda. Mdomo wazi, mkono juu. Nikasubiri, wapi! Bando la wiki nzima limekwisha, na nililinunua asubuhi ile ile. Nikawalaani watu wa simu bure. Jioni kompyuta ilipozimwa, ikaandika kwamba inajisasisha, tusikate umeme. Nikaona ni mambo yake.

Jumatatu likaja gari na karanga za Mlali, zile nyekundu. Mashine ilikuwa imezoea nyeupe, kwa hiyo ilibidi Rehema abadilishe maagizo. Akabadilisha, kompyuta ikakataa. Ikaandika kwamba haitambui toleo la programu anayoandikia. Jumanne hivyo hivyo. Akatuuliza, "Kuna mtu amegusa hapa?" Watu kimya, na mimi nikiwamo. Mama, juu ya meza ile pamebandikwa karatasi: USIUNGANISHE INTANETI. Niliisoma Jumamosi ile ile, nikajiambia ni kwa ajili ya wengine.

Bosi akaja. "Rehema, mashine ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa wewe. Mnunuzi analeta gari Alhamisi. Karanga zisipokuwa tayari tunarudi kwenye ungo, na nyie wawili wa mashine mtafute pa kwenda. Na ruhusa za Idi msiniulize."

Wawili hao ni Rehema na mimi. Nikawa silali. Nikisema, nafukuzwa. Nisiposema, anafukuzwa yeye kwa kosa langu, kisha na mimi nyuma yake.

Jumatano akapata njia ya kuilazimisha. Kumbe kuna agizo la kuiambia ifanye kazi bila kuuliza matoleo. Mashine ikaenda, watu wakapiga makofi. Mimi kwa mazoea uliyonipa nikachota konzi upande wa karanga nzima, nikanusa. Uvundo! Nikafungua kiganja, ukungu wa kijani umekaa juu ya karanga, hata kamera ya harusi ingeuona.

"Zima!" nikapiga kelele. "Inapitisha mbovu!"

Rehema akazima, akakaa juu ya gunia. Akasema, "Sijui nimekosea wapi. Nimesoma programu yangu mstari kwa mstari."

Hapo nikashindwa.

"Dada Rehema, hujakosea. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini? Umeimwagia chai?"

"Nimeipa intaneti. Jumamosi. Nilikuwa naangalia harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Ikala bando?"

"Lote."

Akaruka juu. "Imejisasisha! Siku tatu natafuta kosa kwangu, kumbe imejisasisha!" Matusi yalikuja baadaye, alipopata nafasi.

Alinieleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Ndani ya kompyuta kuna programu anayoandikia maagizo, na kuna zana za kuyapeleka kwenye kadi inayochambua picha za karanga. Viwili hivyo viliwekwa vikiwa vinaelewana, kama jembe na mpini wake. Bando langu likaleta jembe jipya lenye tundu jingine, yaani programu mpya, mpini ukabaki ule ule. Kuleta mpini mpya haikufaa, maana kadi yetu ni ya zamani na zana mpya haziitaki tena. Kulazimisha tumeshaona. Ikabaki kurudisha jembe la zamani.

Alikuwa nalo nyumbani kwake, kwenye diski. Akalifuata kwa bodaboda, akaliweka, akazielekeza zile zana zilitumie hilo, kisha akafunga mlango wa kujisasisha. Akaandika tena maagizo ya karanga nyekundu. Safari hii haikukataa. Mimi nikahesabu karanga mbovu ishirini, nikazichanganya kwenye ungo wa nzima, tukamwaga. Zikapulizwa zote ishirini, na nzima moja.

"Hiyo moja kula wewe," Rehema akasema. Nikaila, Mama. Sijawahi kula karanga tamu vile.

Tukazipitisha upya zote, na Alhamisi gari likaondoka limejaa. Nikamfuata bosi, nikamwambia yote. Akaniangalia kama mtu anayetafuta fimbo.

"Nyie Warangi na harusi zenu! Ungeniambia Jumatatu ungelala kwenu siku hiyo hiyo. Umengoja gari liondoke, mjanja wewe."

"Hapana, bosi, nilikuwa naogopa."

"Basi utasafisha mashine kila jioni mpaka woga uishe. Na Idi nenda kwenu, ukaiangalie harusi huko huko."

Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha ghala.

Wasalimie wote. Baba mdogo anayetuchungia mbuzi. Shangazi aliyepika pilau, mwambie nimeona sufuria, sijaonja. Na Zainabu, mumeo mwambie sasa nimemwona na uso, maana mwanzoni nilikuwa nimevijua viatu vyake tu.

Leo mchana Rehema ameniletea video kwenye flashi, akaiweka kwenye kioo kikubwa bila intaneti yoyote, tukaitazama ghala zima. Ukafika pale ulipogandia, watu wakasogea karibu. Ukasema, "Salimu, mwanangu, huko uliko, shati lako la sare ya harusi liko sandukuni. Nimelishona kwa kukisia. Likikubana, utasema." Ghala zima likacheka, na bosi pia.

Litanibana, Mama. Magunia yamenipanua mabega. Lakini usilifumue sasa. Weka sindano karibu tu. Idi nakuja, na safari hii hutakisia, utanipima mwenyewe.

Mimi mwanao wa kwanza,
Salimu