Choo cha Waziri Desrumeaux

Jumatatu, 4 Julai 1983

Siku ya kufunga kurasa za gazeti letu la dhihaka. Tuko saba mezani, moshi, mvinyo mchachu, soseji kavu ya Cadiou, mhariri wetu, anayeikata kwa kisu kilekile cha kufungulia barua. Nimemchora tena Waziri Desrumeaux. Chura, kama kawaida. Safari hii kavimba mpaka kiti kimevunjika.

Namchora chura tangu 1961, alipokuwa meya tu. Mchoro wa kwanza alinipeleka nao mahakamani, hakimu akanitia hatiani. Jioni ile nilitembea Paris nzima nikipiga mluzi. Nilijisikia vile mara moja tu kabla: shuleni kwa mapadri, nilipomchora padri wa hesabu kama bata bukini. Alinizaba kofi hadi sikio likavuma wiki nzima. Kumbe mchoro unauma, nikasema. Basi hii ndiyo kazi.

Jumanne, 5 Julai

Katibu wa Desrumeaux kapiga simu. Mheshimiwa kacheka mpaka machozi! Anaomba mchoro wenyewe, autundike chooni.

Wote siku hizi ndivyo. Mbunge asiye na kikatuni chake chooni si mbunge. Wageni wanaingia, wanajisaidia, wanatoka wakisema: huyu bwana anajua utani. Zamani walinishtaki, sasa wananipigia makofi. Ptu! Nimekataa. Simpi hata karatasi ya kupengea kamasi.

Ijumaa, 8 Julai

Barua, muhuri mkubwa. Jamhuri inanipa nishani, ule utepe mwekundu wa kwenye ukosi wa koti. Mimi! Orodha inatoka tarehe kumi na nne. Waziri Desrumeaux anapenda kunivalisha mwenyewe, na ananialika chakula cha mchana kesho.

Ukutani ofisini mwanzilishi wa gazeti letu aliandika kwa rangi nyeusi: ATAKAYEVAA UTEPE ATOKE. Na anayetoka huchorwa na wenzake, ukurasa wa kwanza. Mwenzetu Lebrigand, aliyeuvaa, nilimchora mimi mwaka 1974, analamba kiatu cha afisa, ulimi mrefu kama taulo. Hajakanyaga tena pale. Nililala vizuri tu.

Nimeandika barua ya kukataa. Mistari miwili. Nitampa mkononi nimwone uso.

Jumamosi, 9 Julai

Nina kinyaa. Nimeoga mara mbili.

Desrumeaux kanipokea mlangoni, mikono wazi. "Karibu, muuaji wangu!" Mkewe kanibusu mashavuni. Bata kwa zeituni, wageni wanane, kila mmoja anataka kunisimulia mchoro wangu anaoupenda. Mmoja kasema ninamfanya waziri apendwe na watu. Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo nilipoweka uma chini, nikauliza choo.

Michoro kumi na moja! Fremu za dhahabu. Na ukutani, juu tu ya karatasi za chooni, chura wa 1961. Yule yule wa mahakamani! Huyo nilikuwa naye nyumbani, kwenye droo yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Nimetoka nikamuuliza kaupata wapi.

"Kwa mkeo, rafiki yangu. Walioandaa faili la nishani walitaka ushahidi wa kazi. Mama kaleta kasha zima. Vitu vizuri vile, ningerudishaje?"

Barua ilikuwa mfukoni. Ningeitoa. Badala yake nikasema asante kwa bata.

Odile, mke wangu, nimemkuta nyumbani anamenya maharage. Hakukana.

"Ndiyo, ni mimi. Cheti chako cha kuzaliwa nilikifuata mwenyewe hadi Le Mans."

"Umenizika, Odile."

"We mwanaume, bahasha za mavi walizokutumia nimefungua mimi. Barua za kukutakia kansa nimesoma mimi, miaka thelathini, wewe uko mezani unacheka na wenzako. Nilitaka siku moja tu mtu asimame aseme asante, na mimi niwepo nisikie. Kosa langu nini?"

Nimemenya maharage naye. Barua bado iko mfukoni.

Jumatano, 13 Julai

Orodha ya nishani imevuja. Cadiou kanivuta kwenye korido.

"Mzee wangu, niambie umekataa."

"Nimeandika barua."

"Umeituma?"

Nimeshika mfuko. Kaniangalia kama anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Halafu kasema nimelitumikia gazeti miaka mingi, wenzangu wananipa heshima ya mwisho: nijichore mwenyewe. Kesho saa tano anapita nyumbani kuuchukua mchoro. "Bila huruma, eh? Ukijihurumia, tunakuchora sisi."

Nimesema hilo dogo. Nani anayeijua sura hii kuliko mimi?

Alhamisi, 14 Julai

Saa nne na nusu. Ndege za gwaride la sikukuu ya taifa zimepita juu ya paa, vikombe vimetikisika. Odile kavaa gauni la bluu, hajui kama ni la sherehe au la nini. Hajauliza.

Nachora tangu alfajiri. Karatasi tisa sakafuni. Desrumeaux namaliza kwa dakika nne, macho nimefumba. Hapa nimeanza na pua — pua yangu ni bilauri iliyopinda, kila mtu anajua — mkono ukaipunguza. Kidevu cha pili, hakuna. Nimejichorea ulimi, unamlamba waziri kiatu. Ulimi mdogo, safi. Nikaufuta. Machoni nimejitia uchovu kidogo, wa mtu aliyeonewa. Kinyaa! Mbwa mimi! Kwenye ukosi nimeacha nafasi nyeupe, ukubwa wa ukucha.

Odile kaleta kahawa, kasimama nyuma yangu.

"Huyu ungemtundika chooni kando ya chura?" nimemuuliza.

"Huyu?" kasema taratibu. "Huyu si wa chooni, mume wangu. Huyu wa sebuleni."

Kengele inalia. Ni Cadiou, kawahi. Odile kaenda kufungua. Nimeshika kifutio na sijui nianzie wapi.