Joto la dampo

Dina, mama Secilia kazimia dampo leo asubuhi.

Unaijua baridi ya huku. Wale waokota chupa hukaa pale panapofuka mvuke kwenye taka, wanaota joto kama wako jikoni. Naye kakaa hapo, kichwa kikamgonga, akatapika, akaanguka. Evelina, mwenzake, akambeba mgongoni mpaka barabarani, wakampeleka hospitali.

Daktari anasema mvuke ule ni gesi, ni sumu. Akamuuliza, "Mama, kwa nini ulikaa hapo?"

Akamjibu, "Ndipo penye joto, mwanangu."

Ndipo penye joto, Dina.

Sasa hivi Masudi, mwana wa mama Secilia, kaenda dampo kumchukulia kiroba chake cha chupa. Kamkuta Evelina palepale mwenzake alipoangukia, kajikunyata, anaota.